Panya kapona moyo, mbona kaka yangu bado? Maswali yenu kuhusu seli shina

Toleo lililopita niliandika aya moja tu, aya moja jamani, kuhusu panya wenye ugonjwa wa misuli ya moyo waliochomwa seli shina wakapata nafuu, na toka siku hiyo meseji hazijakauka. Wengine wamefurahi, wengine wamenigombeza, mmoja kaniuliza kama nauza. Siuzi. Nimechagua maswali machache, nimeyafupisha kidogo, mengine yalikuwa marefu kuliko hata majibu yangu.

SWALI: Shikamoo dokta. Kaka yangu ana miaka 38, ameambiwa moyo umetanuka na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) imeonyesha unasukuma asilimia 25. Nimesoma ulichoandika kuhusu panya, sasa naomba nieleweshe, kama panya amepona kwa nini binadamu asipewe hiyo hiyo? Tunasubiri nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana na kuuguza. Tuanze na hiyo 25 maana najua watu wakiiona wanadhani moyo umebaki robo. Sio hivyo. Hata moyo mzima hausukumi damu yote iliyomo, kila pigo unatoa kama asilimia 55 mpaka 70 na nyingine inabaki ndani. Kwa hiyo 25 ni ndogo kweli, ni moyo uliochoka, ila usiulinganishe na 100.

Sasa panya. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi, inaweza kujigawa na baadaye ikawa seli ya kitu fulani, damu, mfupa, mafuta, kutegemea imetoka wapi. Na moyo una tabia moja mbaya, ukipoteza misuli yake haurudishi, unaziba pengo kwa kovu. Kuna wataalamu wa Sweden chini ya Jonas Frisén walilipima hili kwa ujanja ambao mpaka leo naupenda: majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 50 na 60 yalimwaga kaboni 14, ile kaboni yenye mionzi, nyingi angani, ikaingia kwenye mimea, ikaingia kwetu, kwa hiyo ukipima kaboni hiyo kwenye vinasaba vya seli ya moyo unajua seli ilizaliwa lini. Wakatoa majibu 2009, kijana wa miaka 25 anabadilisha kama asilimia 1 tu ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na akifika 75 inashuka hadi kwenye 0.45. Yani wengi wetu tutazikwa na zaidi ya nusu ya seli za moyo tulizozaliwa nazo.

Ndio maana wazo la kuchukua seli shina na kuzipanda moyoni liliwapagawisha watu. Mwaka 2005 timu ya Japani ikachukua panya wakubwa wenye moyo uliotanuka, wakawachoma seli shina za kutoka kwenye uboho, zile zinazoitwa mesenkaimo, na kweli moyo ukasukuma vizuri zaidi, mishipa midogo ya damu ikaongezeka na makovu yakapungua. Hayo ni matokeo ya kweli na sio hao peke yao walioyapata.

Ila swali ambalo watu hawaulizi ni hili, panya alipona KWA NINI? Kwa sababu wengi tukisikia "alichomwa seli shina moyo ukapona" tunaona picha ya fundi anaziba ukuta kwa tofali jipya. Kumbe tofali nyingi hazikukaa. Ukichoma seli kwenye moyo unaodunda, moyo unazikamua zinarudi kwa tundu lile lile la sindano, nyingine zinabebwa na damu mpaka mapafuni, nyingine zinakufa kwa kukosa hewa, na kwenye majaribio mengi baada ya siku chache ukizitafuta unakuta hata moja ya kumi hazifiki. Na chache zilizobaki nyingi hazikugeuka misuli. Zilichofanya ni kutoa kemikali, zikatuliza uvimbe, zikaita mishipa mipya, zikazuia kovu lisisambae, halafu zikaondoka. Ni msaada, sikatai, lakini msaada wa aina hiyo ni kama dawa na sio kiungo kipya, na dawa lazima uijue dozi, inakaa muda gani, irudiwe lini.

Afu kuna ukubwa. Moyo wa panya mdogo hauzidi gramu 0.2, wa kaka yako ni kama gramu 300. Chemba ya kushoto ya binadamu ina seli za misuli bilioni 2 mpaka 4. Kinachotosha kwa panya ni tone.

Kwa sasa kaka asiache dawa zake hata siku moja akisubiri seli shina. Yale makundi manne ya dawa za moyo kushindwa yamewahi kuwapandisha watu kutoka kwenye 20 na kitu mpaka karibu na kawaida, sio wote, ila wapo, na muulizeni daktari wake kama anayatumia yote manne na kama hatumii ni kwa nini. Na ninyi ndugu zake mkapime eko pia, moyo kutanuka mara nyingi hutembea kwenye damu ya familia.

SWALI: Dokta mi ni mwanafunzi wa fomu six, nina swali la kizushi. Hao panya wanapata wapi ugonjwa wa misuli ya moyo? Wanawaokota wakiwa wagonjwa au?

JIBU: Hahaha, sio la kizushi mwanangu, ni swali bora kuliko yote niliyopokea na nitalijibu kwa raha.

Njia ni nyingi na kila moja ina uongo wake mdogo. Kuna wanaozaliwa nao. Hamsta wa Syria wapo wa ukoo fulani ambao wana hitilafu kwenye jeni (kipande cha vinasaba) la delta-sakoglaikani, protini inayosaidia kushikilia ngozi ya seli ya misuli isichanike kila inapojikunja, kwa hiyo wanakua huku moyo unachanika kidogo kidogo mpaka unatanuka. Hao wanapendwa kwa sababu binadamu pia wapo wenye hitilafu kwenye jeni hilo hilo. Kuna panya wanaitwa mdx, wao hawana distrofini, protini nyingine ya kulinda misuli, ni mfano wa ugonjwa wa Duchenne unaowamaliza misuli watoto wa kiume, na kwa watoto wale moyo nao unaingia kwenye mkumbo.

Kuna wanaosumishwa. Doksorubisini ni dawa ya saratani, ile nyekundu, nzuri sana kwa kazi yake lakini ukiizidisha inaharibu moyo, kwa hiyo maabara wanampa panya au sungura kwa wiki kadhaa mpaka moyo ulegee. Bata mzinga nao walitumika sana enzi hizo, unawapa dawa ya furazolidoni kwenye chakula wakiwa vifaranga na moyo unafura kama puto.

Kuna wanaogombanishwa na kinga zao wenyewe, hii ndio waliyotumia wale Wajapani niliowataja kwa ndugu yetu hapo juu: unamchoma panya myosini (protini inayokunja misuli) ya moyo wa nguruwe, mwili wake unatengeneza kinga dhidi ya myosini, halafu kinga hiyo haitofautishi ya nguruwe na ya kwake, inaushambulia moyo wake mwenyewe. Na kuna wa kufungwa mshipa, yani unaziba mshipa unaolisha moyo, kipande kinakufa. Hiyo ya mwisho kwa kweli ni mshtuko wa moyo, sio ugonjwa wa misuli wenyewe, japo mwisho wa safari yote inaishia kwenye moyo uliotanuka na kuchoka, na habari nyingi mnazosoma za "moyo umepona kwa seli shina" ni za huyu wa kufungwa mshipa. Angalieni sana hapo.

Sasa uongo mdogo niliousema. Panya wa maabara ni kijana, hana kisukari wala presha, havuti sigara, kaumwa Jumatatu na katibiwa Jumatatu hiyo hiyo au wiki mbili baadaye. Binadamu anakuja hospitali ana miaka 60 na kovu la miaka saba. Na mwenye jeni bovu ukimchoma seli zake mwenyewe zina jeni bovu lile lile, ndio sababu kwenye hamsta wanatumia seli za mwenzake mzima au wanazirekebisha kwanza.

Halafu usisahau kuna wanyama wasiotaka msaada wetu kabisa. Zebrafishi, kale kasamaki kadogo ka michirizi, ukikakata asilimia 20 ya chemba ya moyo kanaotesha upya ndani ya miezi miwili. Na mtoto wa panya wa siku moja anaweza hivyo pia, ila akifikisha siku saba uwezo umepotea. Siku saba tu! Nini kinafungwa pale? Ukipata jibu niandikie mimi wa kwanza.

SWALI: Acheni kudanganya watu. Nilisoma kwamba profesa mkubwa wa seli shina za moyo alikuwa anapika data Marekani. Kwa hiyo habari nzima ni uongo au vipi?

JIBU: Ndugu yangu umekuja moto lakini umekuja na hoja, kaa tuongee.

Mwaka 2001 jarida la Nature lilitoa utafiti wa panya kutoka kundi la Piero Anversa, ndiye huyo profesa unayemsema. Walisema wamechoma seli za uboho kwenye moyo wa panya uliokufa kipande, na siku 9 baadaye asilimia 68 ya kipande kile imejaa misuli mipya. Siku tisa! Watu walichanganyikiwa, na majaribio kwa binadamu yakaanza haraka mno, kabla hata wengine hawajarudia kwa panya. Mwaka 2004 makundi mawili tofauti yakarudia, yakazipaka seli alama ili zifuatiliwe, na yakasema kwenye jarida lile lile kwamba seli za uboho hazikugeuka misuli ya moyo. Mzee hakukubali, akashikilia wazo jingine la seli shina zinazoishi ndani ya moyo wenyewe zenye alama ya c-kit. Mwaka 2014 maabara ya Jeffery Molkentin ikaonyesha kwa panya kwamba hizo nazo zinazaa misuli kidogo mno kiasi cha kutokuwa na maana. Mwaka 2017 hospitali aliyokuwa akifanyia kazi ikakubali kulipa dola milioni 10 kumaliza madai ya serikali kuhusu fedha za utafiti, na 2018 chuo cha Harvard na hospitali hiyo wakaomba machapisho 31 ya maabara yake yaondolewe. Thelathini na moja.

Kwa hiyo umepatia. Ila hitimisho lako la "yote ni uongo" silikubali, maana waliogundua kwamba hapana ni watu wa fani hiyo hiyo, kwa panya hao hao.

Na tena hapo ndipo utamu ulipo. Watu wakajiuliza, kama seli hazigeuki misuli mbona panya wengine wananufaika kweli? Molkentin na wenzake mwaka 2019 wakafanya kitu ambacho mi nilicheka peke yangu nilipokisoma: wakachoma moyo wa panya ulioumia kwa seli hai, wengine wakachomwa seli zilizouawa kwa kugandishwa, wengine wakachomwa zaimosani, ambayo inatokana na ganda la hamira. Ndio, hamira. Wote wakapata nafuu! Seli mfu zimefanya kazi sawa na hai. Maelezo yao ni kwamba sindano yenyewe ile inaita seli za kinga, zile makrofeji zinazokula uchafu, na zinapokuja kusafisha zinaliacha kovu likiwa imara zaidi na moyo unasukuma vizuri. Sasa fikiria ni panya wangapi duniani walipewa sifa za seli shina kumbe kazi imefanywa na kinga yao wenyewe kwa sababu tu kuna kitu kimechomwa pale.

Kwa hiyo ukisoma utafiti wa wanyama mi nakushauri utafute vitu vitatu kabla hujaangalia grafu yoyote. Kundi la kulinganisha lilichomwa nini, maji ya chumvi tu au seli mfu? Anayesoma eko alijua panya yupi kapewa nini? Na walizitafuta seli baadaye wakazikuta? Ukikosa la kati, funga ukurasa. Sio kwa panya tu, mwaka 2014 kuna watafiti wa Uingereza walipitia majaribio 49 ya seli za uboho kwa binadamu, wakahesabu makosa na mambo yasiyolingana kwenye ripoti, na wakakuta kadri makosa yanavyokuwa mengi ndivyo "nafuu" inavyokuwa kubwa, na yale yasiyo na kosa hata moja nafuu ilikuwa sifuri.

SWALI: Tulihifadhi damu ya kitovu cha mtoto wetu. Itamsaidia akipata ugonjwa wa moyo ukubwani?

JIBU: Kwa ugonjwa wa misuli ya moyo hakuna tiba iliyothibitishwa inayotumia damu hiyo. Kazi yake inayojulikana ni magonjwa ya damu. Kama mmeshalipia sawa, ila msiihesabu kama bima ya moyo.

SWALI: Dokta habari za kazi. Nasikia sasa hivi hawachomi tena seli za uboho, wanatengeneza kabisa seli za moyo zinazodunda maabara na wamejaribu kwa kima. Hiyo imefikia wapi?

JIBU: Salama kabisa, na hapa umenigusa panapouma vizuri.

Hii njia ni nyingine kabisa na ndio mi naipa matumaini. Badala ya kuchoma seli shina na kuomba Mungu zigeuke, unazigeuza kwanza ukiwa maabara, unazichungulia kwa hadubini zinadunda, ndipo unazipanda. Seli za kuanzia ni za kiinitete au zile alizogundua Shinya Yamanaka, 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, unachukua seli ya kawaida ya ngozi unairudisha utotoni, akapata Nobel 2012.

Mwaka 2014 timu ya Charles Murry kule Seattle wakapanda seli bilioni moja kwenye moyo wa kima aina ya makaka. Bilioni. Na safari hii zilikaa, zikajiunga na misuli ya mwenyeji, zikawa zinadunda pamoja nayo, mishipa ya damu ikaingia ndani yake. Hiyo ndio tofali sasa! Ila kima wale wakapata kitu ambacho panya hawakukionyesha, mapigo yakaenda mrama, moyo unakimbia wenyewe. Miaka miwili baadaye Wajapani wakapanda seli za kutoka kwa kima mwenzake aliyelingana naye kinga, moyo ukaimarika lakini mapigo yale yale yakasumbua. Nguruwe ndio usiseme, wao ni wabaya zaidi.

Kwa nini panya hawakuonyesha? Hapa mtaelewa kwa nini nasema kila siku mnyama anachaguliwa kwa swali. Moyo wa panya mdogo unapiga mara 500 mpaka 600 kwa dakika. Seli changa ya binadamu uliyoipanda pale ina mwendo wake wa taratibu, haiwezi hata siku moja kumtangulia mwenyeji, anaimeza. Weka seli hiyo hiyo kwa nguruwe ambaye moyo wake unapiga 80 au 90 kama sisi, hapo seli changa ndio inaongoza, inapiga kelele zake wakati wake, na moyo mzima unaifuata. Ni seli za kitoto bado, zina tabia ya kujidundia zenyewe, na zikikomaa baada ya wiki kadhaa zinatulia. Kwa hiyo hatari iko kwenye hizo wiki za katikati. Kama tungeishia kwa panya tungepeleka kwa binadamu tukiwa tumefumba macho.

Dawa ya tatizo? Zipo njia mbili tatu. Kwa nguruwe wamejaribu kuchanganya dawa mbili za mapigo ya moyo, amiodaroni na ivabradini, mapigo yakatulia kiasi kikubwa. Kundi la Seattle nalo mwaka 2023 likaonyesha kwamba ukihariri jeni manne kwenye seli, matatu unayazima na moja unaliongeza, seli haijidundii tena yenyewe ila bado inajikunja ikiamrishwa. Ujerumani, timu ya Wolfram-Hubertus Zimmermann wa Göttingen, wao hawachomi kabisa, wanafuma kiraka cha misuli wanakishonea juu ya moyo kwa nje, na mwaka 2025 walichapisha kwamba kwa kima ukuta wa moyo ulinenepa na mapigo hayakwenda mrama, na wameshaanza kwa binadamu wachache wenye moyo uliochoka sana. Japani nao walishapandikiza karatasi za seli kwa mgonjwa toka 2020. Ni majaribio hayo, watu wanahesabika, na wanakunywa dawa za kushusha kinga ili mwili usikikatae kiraka, ambazo nazo zina gharama yake mwilini.

SWALI: Kuna kliniki imeniambia watanipa dripu ya seli shina mkononi na zitaenda zenyewe moyoni. Inawezekana? Nina moyo mkubwa.

JIBU: Mama yangu, seli hazina ramani. Zile za mesenkaimo ni kubwa kuliko vijishipa vya mapafu, ukizipitisha kwenye mshipa wa mkono kituo cha kwanza ni mapafuni na nyingi zinakwama hapo hapo. Nikuambie ukweli wote hata kama utawafaa wao: mwaka 2009 kuna utafiti wa panya ulionyesha kwamba seli zilizokwama mapafuni zilitoa protini inaitwa TSG-6 ya kutuliza uvimbe na moyo wa panya ukafaidika kwa mbali. Kwa hiyo anayekuambia ana "utafiti" huenda anao kweli. Ni wa panya, wa mshtuko wa moyo, sio wa ugonjwa wako. Waulize, hili ni jaribio lililosajiliwa? Kamati ya maadili ipi imelipitisha? Kwa nini nalipia? Kwenye jaribio la kweli mgonjwa hauziwi kitu kinachojaribiwa. Wakianza kukuonyesha video za waliopona, ondoka na usisaini chochote.

SWALI: Samahani hili sio la binadamu. Nina Doberman wa miaka sita, daktari wa mifugo kaniambia jamii hii hufa kwa moyo kutanuka. Kama panya na nguruwe wanatibiwa kwa seli shina, mbwa wangu je?

JIBU: Usiombe samahani, Doberman wanastahili safu yao. Ugonjwa wao unakuja wenyewe kama wa kwetu, kwa kurithi, haujatengenezwa na mtu, ndio maana watafiti wanawaheshimu kuliko panya yeyote. Walishajaribiwa, kuna jaribio dogo lililochapishwa 2013 ambapo walipewa seli shina za kwenye mafuta kupitia mshipa wa moyo. Walivumilia vizuri tu, ila hawakuishi zaidi.

Kilichosaidia ni kidonge. Kuna jaribio la mwaka 2012 lililochukua Doberman ambao moyo ulishaanza kutanuka lakini hawana dalili yoyote, nusu wakapewa pimobendani na nusu vidonge bandia, na wenye mbwa wala madaktari hawakujua nani kapewa nini (unaona, ndio maana nimewachosha na hilo juu). Waliopewa dawa walifika siku 718 kwa kipimo cha katikati kabla moyo haujashindwa au kufa ghafla, wenzao 441. Usimpe sasa hivi kwa kukisia, mpeleke apigwe eko na avalishwe kile kifaa cha kurekodi mapigo saa 24, maana kwa jamii hii mapigo huharibika mara nyingi kabla moyo haujatanuka, na kwa miaka sita ndio wakati wenyewe, hata kama bado anakuvuta na mnyororo kama kawaida.